Tokaido: Njia ya Shogun, Picha za Wapita Njia

Mwanzoni mwa mwaka 1601, vita vya Sekigahara vilikuwa havijatimiza hata miezi sita. Mshindi wake, Tokugawa Ieyasu, alikuwa ameishika Japani mkononi, lakini hakuwa na hakika kwamba ingetulia. Makao yake yalikuwa Edo, mji wa mashariki ambao leo ndio Tokyo. Mfalme, mwenye heshima kubwa na nguvu kidogo, aliishi Kyoto, mwendo wa karibu kilomita 500 upande wa magharibi. Kati ya miji hiyo miwili ilipita njia ya kale iliyofuata ufuo wa bahari, nayo iliitwa Tokaido. Ieyasu aliamuru iwekewe vituo, na kila kituo kiwe na farasi walio tayari kubeba barua na mizigo ya serikali.

Miaka miwili baadaye akatawazwa kuwa shogun, na ukoo wake ukatawala hadi mwaka 1868. Vituo viliongezwa kimoja kimoja mpaka mwaka 1624 vikatimia 53. Baadaye amri nayo iliota meno: kila kituo kilitakiwa kuwa na watu 100 na farasi 100 kwa ajili ya safari za serikali. Pasipotosha, vijiji vya jirani viliitwa vitoe watu na wanyama wake, hata kama ni msimu wa kupanda mpunga. Mkulima aliyekaa karibu na Tokaido aliijua njia hiyo kwanza kama mzigo.

Mwaka 1635 shogun wa tatu, Iemitsu, aliwafunga watawala wa majimbo, yaani daimyo, kwa sheria kali zaidi. Kila mmoja wao alipaswa kuishi Edo kwa zamu, kwa kawaida mwaka mmoja mjini na mwaka mmoja jimboni kwake, huku mke na watoto wakibaki Edo muda wote. Kwa maneno mengine, walikuwa rehani. Misafara ya wakubwa hao, yenye mamia ya watu, ilipita Tokaido kwenda na kurudi mwaka hadi mwaka. Gharama zake ziliwamaliza daimyo fedha ambazo wangeweza kununulia silaha, na shogun hakuhuzunika kwa hilo.

Palipokuwa na rehani palihitajika walinzi. Huko Hakone milimani, na Arai kando ya maji, yaliwekwa malango ya ukaguzi. Maofisa walitafuta vitu viwili hasa: bunduki zinazoingia Edo na wanawake wanaotoka Edo. Bunduki zilihofiwa kwa sababu ya uasi, na wanawake kwa sababu huenda mmoja wao ni mke wa daimyo anayetoroshwa. Mwanamke bila barua ya ruhusa hakupita.

Mito pia ilitumika kuwapunguza wasafiri mwendo. Mto Oi, ulio kati ya vituo vya Shimada na Kanaya, haukuwa na daraja, na mashua zilipigwa marufuku. Msafiri alilipa nauli, akabebwa mabegani mwa mpagazi, au juu ya jukwaa la mbao lililochukuliwa na wapagazi kadhaa. Bei ilifuata kina cha maji: ya kiunoni bei yake, ya kifuani bei yake. Mvua ikizidi kivuko kilifungwa, na wasafiri wakalundikana kwa siku nyingi huku wenye nyumba za wageni wakineemeka.

Hiyo ndiyo Tokaido kama watawala walivyoitaka. Lakini njia ikishafunguliwa haichagui miguu.

Raia wafuata nyayo

Engelbert Kaempfer, tabibu Mjerumani aliyetumikia kampuni ya Waholanzi huko Nagasaki, aliipita Tokaido mwaka 1691 na 1692. Aliandika kwamba umati wa watu njiani ulishinda ule wa barabara nyingi za miji ya Ulaya. Wengi aliowaona hawakuwa watu wa shogun. Walikuwa wafanyabiashara, watawa, waganga wa kutangatanga, wachezaji maonyesho, na zaidi ya wote mahujaji.

Sheria haikupenda raia watembee ovyo, ila kuzuru hekalu kulikuwa udhuru ambao ofisa hakuweza kuukataa kwa urahisi. Hekalu kuu la Ise ndilo lililovuta watu wengi. Mwaka 1830 wimbi la hija liliikumba nchi, na inakadiriwa kwamba zaidi ya watu milioni 4 walikwenda Ise kwa miezi michache tu. Mtu aliyeondoka nyumbani akitaja jina la Ise angeweza pia kupitia Kyoto, kuonja chakula cha kila kituo na kurudi na hadithi za kutosha maisha yake yote.

Vitabu vikafuata wateja. Mwaka 1797 kilitoka kitabu cha mwongozo chenye michoro ya mahali maarufu pa Tokaido. Kuanzia mwaka 1802 mwandishi Jippensha Ikku alitoa, sehemu kwa sehemu, hadithi ya Yaji na Kita, wahuni wawili wa Edo wanaosafiri njia hiyo wakidanganya na kudanganywa katika kila kituo. Watu walikisubiri kila kipande kwa hamu. Ilipofika miaka ya 1830, mkazi wa Edo ambaye hajawahi kutoka mjini aliweza kutaja vituo vya Tokaido kwa mpangilio, pamoja na kinachouzwa katika kila kimoja. Soko la picha lilikuwa limeiva.

Mtoto wa zimamoto

Mtu aliyelivuna soko hilo alizaliwa Edo mwaka 1797, katika kambi ya kikosi cha zimamoto cha serikali. Baba yake, wa ukoo wa Ando, alikuwa samurai wa daraja la chini mwenye kazi ya kulinda ngome ya shogun dhidi ya moto. Mwaka 1809 mama alifariki, na baba akafuata mwaka huohuo baada ya kumrithisha mwanawe kazi. Mtoto wa miaka 12 akawa ofisa wa zimamoto. Mshahara ulikuwa mdogo na kazi ilikuwa nyepesi isipokuwa siku ya moto, kwa hiyo alibaki na nafasi ya kuchora.

Aliomba kuwa mwanafunzi wa Utagawa Toyokuni, bingwa wa picha za waigizaji, akakataliwa kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamejaa. Akapokewa na Toyohiro, msanii mtulivu wa ukoo uleule wa Utagawa, ambaye mwaka 1812 alimpa jina la kazi: Hiroshige. Kwa karibu miaka 20 Hiroshige alichora warembo, waigizaji na mashujaa kama wenzake wote, bila kutia fora.

Kilichobadili mambo ni rangi. Buluu iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 ilikuwa ikiingia Japani kwa kiasi kidogo kupitia Nagasaki, bandari iliyopokea Waholanzi na Wachina. Mwishoni mwa miaka ya 1820 bei yake ilishuka. Buluu za zamani, zilizotokana na mimea, zilipauka upesi. Hii mpya ilikuwa na nguvu, na iliweza kufifishwa kutoka nzito hadi nyepesi bila kupoteza uhai. Ghafla anga na bahari vikawa vitu vya kuuza. Hokusai, mzee aliyepita miaka 70, aliitumia katika mfululizo wake wa Mlima Fuji, ambamo limo lile wimbi kubwa linalojulikana duniani kote. Hiroshige aliona mlango umefunguka. Mwaka 1832 hivi aliikabidhi kazi ya zimamoto kwa ndugu yake wa ukoo, akabaki na brashi tu.

Karakana ya mikono minne

Mchapishaji Takenouchi Magohachi, mwenye duka la Hoeido, alikuwa mgeni katika biashara hiyo. Alishirikiana kwanza na Tsuruya Kiemon, mchapishaji mkongwe, kisha akaendelea peke yake. Mpango ulikuwa kutoa picha ya kila kituo, kuongeza moja ya mwanzo wa safari Edo na moja ya mwisho Kyoto, jumla picha 55. Zilianza kutoka mwaka 1833 na mwanzoni mwa 1834 mfululizo ulikuwa tayari kuuzwa ukiwa kitabu kizima.

Picha hizi hazikuchorwa moja moja. Mchapishaji alichagua mada, akatoa fedha na kubeba hasara kama ipo. Msanii alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchoro ulipelekwa kwa mkaguzi wa serikali, ukapigwa muhuri wa kibali. Mchongaji aliubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mwituni, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana, akachonga mpaka mistari peke yake ikabaki imeinuka. Mchoro wa asili uliharibika hapohapo, kwa hiyo hakuna mchoro wa kwanza wa kuuabudu: kazi yenyewe ni zile nakala. Kwa kila rangi ulichongwa ubao wake, na alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni zilihakikisha karatasi inakaa mahali palepale kila mara.

Hapo ndipo mpiga chapa alipoingia. Aliilowesha karatasi ya magome ya mforosadi kidogo tu, akapaka rangi kwenye ubao kwa brashi, akalaza karatasi na kuisugua kwa nyuma kwa kisugulio cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Anga inayotoka buluu nzito juu hadi weupe chini haikuchongwa popote. Mpiga chapa aliifanya kwa mkono, akiupangusa ubao kwa maji na rangi upya kwa kila karatasi. Katika picha ya kituo cha Kambara, nakala nyingine zina giza linaloanzia juu ya anga, na nyingine giza limelala kwenye upeo, juu ya vilima. Mchoro ni uleule, ila usiku ni tofauti.

Karatasi moja, yenye upana wa sentimita 37 hivi na kimo cha sentimita 25, iliuzwa kwa bei iliyokaribia bakuli moja au mawili ya tambi. Fundi, mjakazi au mwanafunzi aliweza kuimudu. Nayo ilikuja wakati mgumu, kwani mwaka 1833 ndipo ilipoanza njaa kubwa ya zama za Tenpo, iliyoua watu wengi hasa kaskazini. Katika picha za Tokaido njaa hiyo haionekani. Kibali cha mkaguzi kisingepatikana kwa picha ya aina hiyo, na mteja hakutafuta huzuni nyingine ya kununua.

Mvua haimjui daimyo

Mfululizo unaanza alfajiri kwenye daraja la Nihonbashi, mahali ambapo umbali wote wa nchi ulianza kupimwa. Milango mikubwa ya mbao imefunguliwa. Kwa nyuma, msafara wa daimyo unapanda daraja, wachukuzi wa masanduku mbele na nguzo za fahari zikiwa zimeinuliwa. Lakini walio karibu nasi ni wachuuzi wa samaki, vikapu vikining'inia kwenye mizegazega, wametoka sokoni hapo darajani na sasa wanapisha njia. Upande wa pili mbwa wawili wanarandaranda bila kumjali mtu. Serikali iko kwenye picha, ila nafasi ya mbele wamepewa wauza samaki.

Mpango huo unarudi mara kwa mara. Huko Shimada na Kanaya, ambako daimyo alivuka mto Oi kwa kishindo, Hiroshige anauangalia mto kutoka juu sana. Bwana mkubwa, machela yake na mamia ya watumishi wamekuwa vijidoti kwenye mchanga. Kwingineko, watu wasio na jina wamekuzwa. Yokkaichi upepo umempokonya mtu kofia, naye anaikimbilia ikibingirika kwenye tuta. Mariko wasafiri wawili wanafakamia chakula katika mgahawa wa nyasi, huku mama mwenye mtoto mgongoni akiwahudumia. Bango linatangaza supu ya kiazi kikuu kilichokunwa, sifa ya kituo hicho mpaka leo. Hara ni Mlima Fuji peke yake ulioachiwa makuu: kilele chake kimetoboa mstari wa fremu na kupita juu.

Picha ya Shono ndiyo wengi wanaiweka mbele ya zote. Mvua ya ghafla imeshuka kwenye mteremko. Wachukuzi wa machela wanapanda wakikimbia, abiria wamemfunika kwa turubai. Wengine wanateremka, mmoja ameinamia mwavuli wake, mwingine amevaa joho la nyasi. Nyuma yao mianzi imepangwa tabaka tatu za kijivu, kila tabaka jepesi kuliko la mbele, yote imelalia upande mmoja kwa upepo. Mvua ni mistari myembamba iliyokatwa mshazari. Hakuna uso hata mmoja unaoonekana sawasawa, wala haijulikani nani tajiri na nani mpagazi ila kwa anachobeba. Na katika nakala za mwanzo, ule mwavuli umeandikwa jina la Takenouchi. Mchapishaji hakuacha hata mvua ipite bure bila tangazo.

Tangazo kubwa zaidi liko Goyu, kituo kilichosifika kwa wahudumu wa kike waliowavuta wateja kwa nguvu. Ni jioni, barabara imeanza kuingia giza. Mwanamke mmoja amemkamata msafiri kwa furushi lililofungwa shingoni, karibu kumkaba. Ndani ya nyumba, mgeni aliyekwisha kukubali yaishe anahudumiwa miguu. Ukutani kuna duara kubwa lenye jina la mchapishaji, na pembeni mabango ambayo kwa kawaida yangetaja vikundi vya mahujaji waliozoea kulala hapo. Hiroshige ameyaandika mengine: mchongaji ni Jirobei, mpiga chapa ni Heibei, mchoraji ni Ichiryusai, jina lake mwenyewe la kisanii. Wachongaji na wapiga chapa wa Edo mara nyingi hawakutajwa popote. Hapa wamepata chumba katika nyumba ya wageni.

Je, alikwenda?

Masimulizi yaliyoenea baada ya kifo chake yanasema kwamba mwaka 1832 Hiroshige aliandamana na ujumbe wa shogun uliopeleka farasi kwa Mfalme huko Kyoto, akachora njia nzima. Wataalamu wengi wa leo wanaitilia shaka safari hiyo, na ushahidi wao ni picha zenyewe. Kadhaa zimefuata michoro ya kile kitabu cha mwongozo cha mwaka 1797. Kambara, kituo kilichofunikwa na theluji nzito kiasi cha kunyamazisha nyumba, kiko kwenye pwani yenye joto ambako theluji ya namna hiyo ni kitu adimu. Na katika picha ya mwisho, daraja la Sanjo la Kyoto limesimama juu ya nguzo za mbao, ilhali tangu mwaka 1590 nguzo zake zilikuwa za mawe.

Basi ikiwa ni ramani, imekosea. Lakini aliyeinunua Edo hakutaka ramani. Alitaka kujua baridi ya kufika kituoni usiku, aibu ya kukimbilia kofia, nafuu ya kupakua mzigo. Hayo Hiroshige aliyajua, na mtu aliyekulia kwenye kambi ya zimamoto, akiutazama upepo kila usiku, alikuwa na somo lake la hali ya hewa. Wanunuzi walikuja kwa wingi mno. Mbao zilisagika, na picha za vituo vya mwanzo zikalazimika kuchongwa upya. Katika toleo la kwanza la Totsuka mtu anaruka kutoka mgongoni mwa farasi, na katika toleo la baadaye anampanda. Hiroshige mwenyewe aliirudia Tokaido mpaka mwisho wa maisha yake, zaidi ya mifululizo 20 tofauti. Alifariki mwaka 1858, katika mwaka ambao kipindupindu kiliitikisa Edo.

Njia inakufa, picha zinasafiri

Mwaka 1859 bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni, kando tu ya Tokaido, na picha za bei ya tambi zikaanza kupakiwa melini. Mwaka 1887 mjini Paris, Vincent van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta picha mbili za Hiroshige kutoka mfululizo wake wa mwisho, ule wa mandhari ya Edo, mojawapo ikiwa ya mvua ya ghafla darajani. Mwaka 1906 msanifu majengo Frank Lloyd Wright aliandaa maonyesho ya picha za Hiroshige katika jumba la sanaa la Chicago.

Nyumbani, njia yenyewe ilikuwa ikiishiwa na kazi. Mwaka 1868 utawala wa ukoo wa Tokugawa ulianguka, na Mfalme kijana akasafiri kwa Tokaido kutoka Kyoto hadi Edo, mji uliokwisha kupewa jina la Tokyo. Mwaka uliofuata malango ya ukaguzi yalifutwa. Mwaka 1872 garimoshi la kwanza lilitoka Shimbashi hadi Yokohama, na mwaka 1889 reli ya Tokaido ilikamilika. Safari ya wiki mbili kwa miguu ikawa ya siku moja. Tarehe 1 Oktoba 1964 ilizinduliwa treni ya kasi kati ya Tokyo na Osaka, ikipita kwa sehemu kubwa sambamba na njia hiyo ya zamani, na safari ikichukua saa 4.

Leo Hiroshige anapewa sifa zote, na anastahili sehemu yake. Hata hivyo, kazi hii ilitokana na mchapishaji mwenye uroho wa faida, mchongaji mwenye subira, mpiga chapa mwenye mkono mwepesi, na wateja wa Edo waliokubali kutoa sarafu zao mwaka wa njaa. Shogun hakuagiza hata picha moja kati ya zile 55. Njia aliyoiwekea vituo kwa ajili ya amri zake, wamebaki kuimiliki wachukuzi wa machela, wahudumu wa Goyu na yule mtu wa Yokkaichi anayekimbilia kofia yake. Ukikutana na mojawapo ya picha hizo, kwenye jumba la makumbusho au kwenye simu yako, usiishie kwenye saini ya Hiroshige. Jirobei na Heibei nao wamo.